Sauti inapokatika hewani: jinsi ya kutafuta tatizo linalokuja na kuondoka

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote hapa studio Mkuyuni halihusu muziki wala mpira. Ni hili: "Yule mgeni wenu wa asubuhi, mbona alikuwa anakatikakatika?" Wapo wasikilizaji wanaodhani redio zao zimeharibika, wengine wanazipigapiga kofi. Redio yako ni nzima, msikilizaji. Tatizo liko katikati ya mdomo wa mgeni na mtambo wetu, na siku hizi hiyo katikati ni mtandao wa kompyuta.

Makala haya yanaeleza sauti inavyosafiri ndani ya mtandao, kwa nini inakatika kwa dakika moja halafu inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na namna ya kumfuatilia mkosaji. Tumeyaandika kwa msikilizaji anayetaka kuelewa, lakini pia kwa ofisi, shule, nyumba za ibada na redio za jamii ambazo zimeachana na simu za waya wa shaba na kuweka simu za mtandao, kisha zikagundua kwamba siku nyingine simu hizo zinaongea kama roboti.

Silabi moja tu

Nianze na kilichotufanya tuache kulichukulia jambo hili kama kero ndogo ya mafundi.

Msimu mmoja wa mvua, kipindupindu kilipokuwa kinatajwa kandokando ya ziwa, tulimuunganisha hewani afisa afya kwa njia ya intaneti. Alikuwa anasoma tangazo fupi. Kwenye karatasi yake iliandikwa: "Msitumie maji ya ziwa bila kuyachemsha." Studio nzima tulisikiliza, tukamshukuru, tukaweka wimbo. Dakika chache baadaye simu ikaita. Alikuwa mama mmoja wa kwenye mwalo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi leo mmesema tutumie maji ya ziwa hivihivi bila kuchemsha?"

Nilitaka kumwambia amesikia vibaya. Fundi wetu akarudisha rekodi ya matangazo. Mama alikuwa sahihi. Kilichotoka hewani kilikuwa "M'tumie maji ya ziwa bila kuyachemsha", na kwenye nafasi ya ile "si" hapakuwa hata na ukimya wa kumshtua mtu, ni mkwaruzo mdogo tu kama mtu aliyemeza mate. Tulilirudia tangazo mara tatu, safari hii tukilisoma sisi wenyewe.

Kiswahili kina mtego hapa. Katazo letu mara nyingi limebebwa na silabi moja fupi iliyofichwa ndani ya neno: msinywe na mnywe, wasivuke na wavuke, boti zisitoke na boti zitoke. Mtu anayeongea kwa kasi ya kawaida hutamka silabi tano au sita kwa sekunde, kwa hiyo kila silabi huchukua chini ya milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Mtandao ukiteleza kwa muda huo mdogo, sentensi haipotei. Inageuka.

Sauti inavyokatwa vipande

Simu ya zamani ya waya ilikuwa na njia yake yenyewe kutoka kwako hadi kwa mwenzako kwa muda wote wa mazungumzo. Sauti ya mtandao haina njia yake. Inakatwa vipande, kila kipande kinafungwa kwenye pakiti yenye anwani, na pakiti hizo zinaingia barabarani pamoja na picha, barua pepe, video na kila kitu kingine.

Tuchukue kodeki ya kawaida ya simu za ofisini, G.711. (Kodeki ni ile programu inayogeuza sauti kuwa namba na kuirudisha kuwa sauti.) Inapima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kikichukua baiti moja. Kwa kawaida kila milisekunde 20 za sauti hufungwa pamoja, ndiyo kusema baiti 160 katika pakiti moja na pakiti 50 kila sekunde. Juu ya hapo kila pakiti inabeba baiti 40 za anwani na maelekezo. Zidisha, utapata kilobiti 80 kwa sekunde kila upande.

Hicho ni kiasi kidogo sana, na hapa ndipo watu wengi wanapotea njia. Sauti ikikatika, mtu anafungua programu ya kupima kasi ya intaneti, anaona megabiti 20, anasema, "Mtandao uko vizuri." Kipimo hicho kinajibu swali lingine. Kinasema ni mizigo mingapi inaweza kupita kwa dakika, wakati sauti haihitaji barabara pana. Inahitaji barabara ambayo kila pakiti inafika, tena kwa wakati.

Fikiria daladala za Buhongwa kwenda mjini. Tuseme zinaondoka stendi kila baada ya dakika mbili, moja baada ya nyingine. Kufika Mkuyuni unaziona tatu zimefuatana, halafu dakika nane hakuna kitu. Hakuna daladala iliyopotea, idadi ni ileile, lakini abiria aliyesimama kituoni hawezi kujua hivyo. Pakiti za sauti nazo huondoka kwa mpangilio na kufika kwa mafungu. Ili kurekebisha hilo, kifaa cha upande wa kusikiliza huweka akiba ndogo ya kusubiri: kinazikusanya pakiti kwa milisekunde kadhaa kisha kinazitoa taratibu kwa mpangilio wake wa mwanzo. Ukiongeza akiba hiyo, sauti inatulia, ila mazungumzo yanachelewa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja kama watu wanataka kuzungumza bila kugongana. Pakiti inayofika baada ya zamu yake kupita hutupwa. Kwa sikio, iliyochelewa na iliyopotea ni kitu kimoja.

Na pakiti ikikosekana, kifaa hakinyamazi papo hapo. Kinabuni. Kinachukua sauti iliyotangulia, kinairefusha kidogo na kuififisha. Pakiti moja ikipotea husikii kitu. Zikipotea mbili au tatu kwa mfululizo unasikia chuma, ile sauti ya roboti. Zikizidi hapo inabaki tundu. Ndiyo maana "si" ya afisa afya iliondoka bila kupiga kelele: kifaa kilijaribu kutusaidia kwa kupaka rangi juu ya shimo.

Usiguse kitu kwanza

Tatizo la kudumu ni rahisi. Sauti ikiwa imekatika moja kwa moja, unafuata waya hadi uone pale ulipong'oka. Linalosumbua ni lile linalokuja na kuondoka, kwa sababu fundi akifika limeshapona. Anabadilisha kitu fulani ili aonekane amefanya kazi, linatulia siku mbili, watu wanapiga makofi, siku ya tatu linarudi. Sasa huna habari tena, maana hujui kama alichobadilisha kilikuwa na uhusiano wowote.

Fundi mitambo wetu ni mtu mzima, ameanza kazi hii enzi za kanda za mkanda. Nilipomfuata nikitaka tununue ruta mpya, alinijibu, "Mdogo wangu, usiguse kitu. Leta daftari."

Daftari lilikuwa la shule, la kurasa 96. Tuliliweka juu ya miksa, na kila sauti ilipokatika aliyekuwa zamu aliandika: saa na dakika, nani alikuwa anaongea na alikuwa wapi, yeye alitusikia vizuri au naye alilalamika, sauti ilikatika vipi (roboti, tundu, kimya kirefu, mwangwi), mvua, upepo au jua, umeme ulikuwa wa gridi au wa jenereta, na ofisini watu walikuwa wanafanya nini. Hilo la mwisho watangazaji walilidharau, nikiwemo mimi.

Wiki mbili baadaye tulikaa nalo chini. Mistari mingi ilikuwa imesongamana karibu na saa 12:40 jioni, siku za kazi tu, sauti ya roboti, wageni wakisema wao wanakatika kwetu lakini wanatusikia vizuri kiasi. Mistari mingine ilikuwa imetawanyika kutwa nzima bila mpangilio, na yote ilisema kitu kimoja: kimya kabisa kwa nusu dakika hivi, halafu sauti safi. Tulikuwa tunatafuta ugonjwa mmoja, kumbe ilikuwa miwili.

Wa kwanza ulijieleza wenyewe. Saa 12:30 jioni dawati la uzalishaji lilikuwa linafunga kazi na kupakia rekodi za siku kwenda kwenye hifadhi ya intaneti. Upakiaji ule ulijaza njia ya kutoka. Ruta nyingi hazitupi mizigo ikizidi. Zinaipanga foleni ndefu, na pakiti za sauti zinasimama nyuma ya video kama abiria wa kawaida nyuma ya lori la mchanga. Mbona basi waliolalamika zaidi ni sisi, ilhali iliyojaa ni njia ya kutoka? Ni kwa sababu kodeki yetu ilikuwa inapokea sauti kwa njia inayohitaji majibu ya mara kwa mara kurudi kwa mtumaji. Majibu yakichelewa, mtumaji anadhani njia ni mbaya na anapunguza ubora. Tulihamishia upakiaji saa sita usiku na kuiwekea ruta amri ya kutanguliza sauti. Mistari ya saa 12:40 ikakoma.

Wa pili ulituchukua muda zaidi. Kimya cha nusu dakika kilichofuatwa na sauti safi hakifanani na foleni. Kinafanana na kifaa kilichozimika na kuwaka. Siku moja ya joto kali fundi alikaa chini ya meza na tochi, kiyoyozi kikanguruma kuanza kazi, na taa zote za swichi ndogo ya mtandao zikapepesa na kuanza upya. Adapta yake ilikuwa na kapasita zilizovimba. Umeme ukishuka kidogo tu, jambo ambalo kiyoyozi husababisha kila kinapoanza, haikuweza kushikilia. Adapta mpya, tena kwenye betri ya akiba pamoja na kompyuta. Kabla ya hapo kompyuta ya studio ilikuwa kwenye betri, kodeki ilikuwa kwenye betri, na ile swichi inayoviunganisha ilikuwa imechomekwa ukutani pamoja na birika la chai. Nenda kaangalie kwenu.

Sikio ni kipimo

Kabla ya programu yoyote, sikiliza. Kila ugonjwa una sauti yake.

Roboti na chuma: pakiti zinapotea au zinachelewa. Maneno yanayobanwa au kuvutwa, kama mtu anayeharakisha ghafla: pakiti zinafika kwa mafungu na kifaa kinajaribu kufidia.

Upande mmoja unasikia, mwingine hausikii kabisa tangu mwanzo wa simu: hapo usitafute waya mbovu. Simu za mtandao zinazotumia mfumo wa SIP hupanga simu kwa njia moja na kupitisha sauti kwa njia nyingine. Kengele inalia, simu inapokelewa, lakini pakiti za sauti zinagonga ukuta wa ruta ambayo haijui zinamwendea nani ndani ya ofisi. Ruta nyingi za bei nafuu zina kipengele kinachodai kusaidia SIP, na mara nyingi ndicho kinachoharibu anwani. Kizime, jaribu tena. Dada yake tatizo hili ni simu inayokatika ikifika sekunde 32 kila mara. Namba hiyo haikutokea kwa bahati: ni muda ambao mfumo wa SIP husubiri uthibitisho kwamba simu imepokelewa kabla ya kukata tamaa. Ukiona 32, uthibitisho haupiti. Simu zinazokufa zikifika dakika 15 au 30 kamili nazo zinaelekeza kwenye saa za ndani za mfumo, si kwenye ubora wa njia.

Mwangwi: mara nyingi chanzo kiko upande wa pili. Spika ya mgeni inaingia kwenye maikrofoni yake. Zamani mwangwi huo ulikuwepo lakini ulirudi haraka mno kuusikia. Ucheleweshaji wa mtandao umeufichua tu. Mpe mgeni visikilizio vya masikioni.

Mvumo mzito usiokoma si mtandao. Ni umeme wa gridi, mizunguko 50 kwa sekunde, unaoingia kupitia uwekaji mbaya wa ethi. Na ule mlio wa "di-di-dit, di-di-dit" unaosikika sekunde chache kabla simu haijaita ni simu ya mkononi iliyolazwa karibu na waya wa maikrofoni. Mtangazaji aiondoe mezani, basi.

Kuna mmoja mgumu kuutambua: mguso mdogo, "tik", unaorudi kila baada ya dakika kadhaa hata kama njia ni safi kabisa. Hizo ni saa mbili zisizokubaliana. Kifaa kinachotuma na kinachopokea kila kimoja kina kioo chake cha kuhesabu muda, na vioo viwili havilingani kamwe. Tuseme vinatofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, tofauti ya kawaida kwa vifaa vya bei ya kati. Kwa sauti ya vipimo 48,000 kwa sekunde, hiyo ni ziada au pungufu ya vipimo 2.4 kila sekunde. Akiba ya milisekunde 20 ina vipimo 960. Gawanya: itaisha baada ya sekunde 400, chini kidogo ya dakika saba. Tik. Kisha inaanza upya. Kwenye studio zinazopitisha sauti zote kwa mtandao, dawa ni kuhakikisha kifaa kimoja ndicho mwenye saa na vingine vinamfuata. Ukikuta swichi ina kipengele cha kubana matumizi ya umeme kwenye milango yake, kizime pia, kwa sababu mlango unaosinzia huchelewesha pakiti za saa.

Kukata njia vipandevipande

Ukishajua aina ya ugonjwa, tafuta kipande chenye ugonjwa. Namna iliyo rahisi kuliko zote ni kurekodi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mwambie mgeni au ripota aweke simu nyingine pembeni irekodi anachosema, nanyi rekodini kinachoingia studio na kinachotoka hewani. Kama sauti ni nzuri kwake na mbovu ikiingia kwenu, njia ndiyo mbaya. Kama inaingia nzuri na inatoka mbovu hewani, acheni kumsumbua mgeni. Angalieni kiungo kati ya studio na mnara.

Baada ya hapo ndipo uje na amri ya ping, ambayo hutuma pakiti na kusubiri jibu. Kosa la kawaida ni kuituma kama ilivyo, pakiti moja kwa sekunde, na kuridhika. Sauti inatuma 50. Ukipita na tochi mara moja kwa sekunde hutamwona mwizi anayeingia na kutoka kwa robo sekunde. Kwenye kompyuta ya Linux andika ping -i 0.02 -s 172 -c 3000 kisha anwani unayoipima. Hiyo inatuma pakiti 3,000 kwa dakika moja, zenye ukubwa uleule wa pakiti za G.711. (Baadhi ya kompyuta zitadai ruhusa ya msimamizi.) Anza na ruta yako mwenyewe. Hapo isipotee hata moja. Kisha pima hatua ya kwanza ya mtoa huduma, kisha mbali zaidi. Kipande cha kwanza kinachoanza kupoteza, na vyote baada yake vikapoteza, ndicho cha kushughulikia. Kimoja katikati kikipoteza lakini vya mbele yake ni vizima, kiache: vifaa vingi vikubwa hujibu ping kwa kujisikia tu.

Soma matokeo kwa tahadhari. Upotevu wa asilimia 1 maana yake ni pakiti 30 kati ya 3,000. Zikiwa zimetawanyika, moja kila sekunde mbili, hakuna sikio litakalozijua. Zikipotea zote 30 kwa mkupuo, ni milisekunde 600, silabi tatu au nne. Wastani ni uleule, tangazo la kipindupindu si lile.

Waya, mawe na ziwa

Ndani ya jengo mshukiwa wa kwanza ni waya. Kebo ya mtandao isizidi mita 100. Ile iliyopinda mlangoni na kukanyagwa na kiti cha magurudumu inaweza kupitisha kila kitu hadi mtu akisogeza kiti. Jihadharini pia na kebo za bei ya kutupa ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Vichwa vyake hulegea upesi. Na kama mtu aliwahi "kulazimisha" upande mmoja wa kebo ufanye kazi kwa kasi fulani kwa kutuma na kupokea pamoja, huku upande wa pili ukiachwa ujichagulie, upande wa pili utachagua kupokezana zamu. Mzigo ukiwa mdogo mambo ni shwari, ping inapita, kila mtu anaapa kwamba waya ni mzima. Mzigo ukipanda, pakiti zinagongana. Acheni pande zote mbili zijichagulie.

Intaneti isiyo na waya kwa sauti ya hewani, mimi nasema hapana, kama kuna njia ya kuvuta kebo. Bendi ya gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kwenye jengo la vyumba vya kupanga hapa mjini unaweza kukuta ruta ishirini zinazigombea, zikiongezewa na oveni ya maikrowevu ya jirani.

Nje ya jengo, Mwanza ina mambo yake. Jiji la mawe ni zuri kwenye picha, lakini viungo vya maikrowevu kutoka studio hadi mnarani vinataka kuonana macho kwa macho, na jabali la matale halipitishi mawimbi. Ghorofa jipya likiota kati ya vilima, au mti ukikua, kiungo kilichofanya kazi miaka mitano kinaanza kusuasua siku za upepo, matawi yanapoyumba. Vinavyovuka maji vina ugonjwa wa peke yake. Uso wa ziwa lililotulia ni kioo: wimbi moja linaenda moja kwa moja, lingine linagonga maji na kufika likiwa limechelewa kidogo, na yakikutana vibaya yanafutana. Ziwa likichafuka kwa upepo, kioo kinavunjika na kiungo kinapata nafuu. Kwa hiyo usishangae daftari likionyesha sauti mbaya alfajiri shwari na nzuri mchana wa mawimbi, kinyume kabisa na unavyotarajia. Mafundi hulitatua kwa kubadilisha urefu wa antena au kufunga ya pili juu au chini ya ya kwanza. Mvua nayo huathiri zaidi masafa yaliyo juu ya gigahezi 10. Kiungo cha gigahezi 5 kikifa wakati wa mvua, kagua kwanza kama maji yameingia kwenye viungio vya kebo.

Halafu kuna mbali. Mgeni aliyeko Igogo na mtangazaji aliyeko Mkuyuni wanaweza kuonana kwa macho, lakini programu wanayotumia ikiwa na seva Ulaya, sauti itasafiri hadi huko na kurudi. Mwanga ndani ya mkongo huchukua kama milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Kwenda kilomita 10,000 na kurudi ni milisekunde 100 kabla hata ya kifaa chochote kufanya kazi yake, na mpaka wa ITU ni 150. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hizo hakuna cha kurekebisha studio. Piga simu ya kawaida.

Naam, simu ya kawaida. Kwenye mtandao wa zamani wa simu za mkononi, simu ya sauti hutengewa nafasi yake na haishindani na video za watu. Ubora wake ni mdogo, mgeni anasikika kama yuko ndani ya debe, lakini silabi zinafika. Kwa mahojiano ya muziki tunachagua intaneti. Kwa tangazo la afya, hali ya hewa au usalama wa ziwani, tunachagua debe.

Na tumebadilisha namna ya kuandika. Matangazo ya aina hiyo hatuyaandiki tena kwa katazo lililofichwa ndani ya neno. Hatusemi "msitumie maji ya ziwa bila kuyachemsha", tunasema "chemsha maji ya ziwa kabla ya kunywa". Hatusemi "boti zisitoke", tunasema "boti zibaki nchi kavu", na mtangazaji analirudia kwa mdomo wake mgeni akishakata simu. Ukikata silabi yoyote ndani ya sentensi hizo utaharibu neno, lakini hutapata sentensi inayomtuma mtu ziwani.